Kuaminiwa si kuaminika

Wiki iliyopita, kwenye kikao kimoja hapa Mwanga, Kigoma, kijana alisimama na karatasi yake akasema: "Tumeshafanya utafiti wa watumiaji. Watu 38 kati ya 40 wamesema huduma yetu inaaminika." Makofi. Huduma yenyewe ni ya akili mnemba: unaandika swali kwenye simu, inakujibu bei za sokoni na masharti ya mikopo midogo. Nilimaliza chai yangu kimya. Hiyo ni mara ya nne mwaka huu nasikia sentensi ya namna hiyo.

Utafiti wa watumiaji ni kumfuata mtu pale anapofanyia shughuli zake, uone anafanya nini, anakwama wapi na kwa nini, kabla hujajenga huduma na wakati unaijenga. Basi. Si kura, wala si kuomba sifa.

Kero yangu hasa ni hilo neno "inaaminika".

Amini tumelipata kwenye Kiarabu pamoja na ndugu zake: imani, amani, amana, hata ile amina ya mwisho wa dua. Lakini viambishi vya nyuma, "-wa" na "-ika", ni vyetu wenyewe, na hapo ndipo penye mambo. Kitu kikiaminiwa, kuna mtu amekiamini. Habari ni ya huyo mtu. Kikiaminika, sifa imo ndani ya kitu chenyewe, awepo wa kukiamini au asiwepo. Barabara inayopitika inapitika hata saa nane za usiku, gari hakuna. Na maji ya ziwa yakinywewa na mtaa mzima hayawi ya kunyweka. Aliyewahi kuona kipindupindu mtaani kwake hahitaji kuelezwa.

Najua kuna atakayesema: mbona magazeti yanaandika "inaaminika kuwa mtuhumiwa ametoroka", na hapo maana yake ni kwamba watu wanaamini tu? Kweli, "-ika" ina sura zaidi ya moja, na nadhani hiyo ya magazeti ndiyo iliyotuponza. Ila ukimwambia mtu huduma yako ni ya kuaminika, hakuelewi kwamba unamsimulia tetesi.

Kwenye kompyuta kosa hili ni la zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, alichapisha habari za ELIZA, programu iliyochukua maneno ya mtu, ikayapindua kidogo na kumrudishia kama swali. Haikuelewa chochote. Hata hivyo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, katibu wake, aliyeiona ikitengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Iliaminiwa, tena sana.

Mimi nilikaa asubuhi moja Kibirizi, mitumbwi inaingia, na mama mmoja anayenunua dagaa. Alikuwa ameniruhusu. Nikamuuliza kama anaiamini huduma ya aina hiyo aliyo nayo kwenye simu. "Naiamini sana mwanangu." Angesema nini? Mgeni haambiwi usoni kwamba kazi yake mbovu. Kisha akaiuliza bei ya dagaa Dar es Salaam. Ikamjibu kwa aya tatu zilizonyooka. Akasoma zote, akafuta magamba kwenye kioo kwa ncha ya kanga, akampigia mdogo wake aliyeko huko amuulize upya.

Nilipotaka kujua kwa nini, alicheka. "Huyu akinidanganya najua pa kumpata. Hiki kikinidanganya nakifuata wapi?"

Swali lile lina kazi zaidi ya fomu 40. Ndani yake kuna mambo ya kujenga: jibu lionyeshe bei imetoka soko gani na ni ya siku gani, huduma ikubali kusema "sijui", na iwepo namba ya mtu wa kweli wa kumlalamikia. Mwanawe wa kidato cha tatu, kwa upande wake, alikuwa tayari kupakia magunia kwa jibu lilelile. Hakuona kwamba bei ilikuwa ya wiki iliyopita. Kwenye fomu wote wawili wangeandikwa "ndiyo". Ndiyo maana mtafiti, akishaomba ruhusa, huwapa watu jibu sahihi na jibu lenye kosa, aone kama wanaliamini la kwanza na kulishuku la pili. Usahihi wenyewe unapimwa kando, na mtu anayeijua biashara ya dagaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa kile kikao, sina ugomvi na watu wako 38. Kwenye taarifa andika "watu 38 wamesema wanaiamini", na "inaaminika" uiache kwanza mpaka utakapokaa Kibirizi asubuhi mbili tatu. Na pale juu ulipoandika "utafiti wa watumiaji", kwa sasa "maoni ya watumiaji" yanatosha.