Ganda jembamba la soseji si ganda dhaifu

"Kaka, haya maganda ya siku hizi membamba mno, yanapasuka. Niletee yale manene." Wiki hii nimeambiwa hivyo na wateja watatu, na mwezi uliopita sikuhesabu. Basi nijibu mara moja kwa wote.

Ganda ninalouza ni la selulosi, yaani kiini cha nyuzi za mimea, na huanza na rojo ya mbao au manyoya mafupi ya mbegu za pamba. Malighafi hiyo huyeyushwa kwa kemikali za kostiki soda na kaboni disalfaidi mpaka iwe uji mzito uitwao viskosi. Uji huo husukumwa kupitia mwanya wa duara hadi kwenye asidi, ukaganda kuwa bomba laini. Hapo minyororo ya selulosi, yaani molekuli zake ndefu, bado imelala ovyo, kama nyuzi za katani ambazo hazijachanwa. Bomba hutiwa hewa ndani, likavutwa kwa urefu na kwa upana linapokaushwa, na minyororo ikajipanga, ikakaribiana, ikashikana. Ukuta umepungua unene, lakini kile kilichobaki kinabeba mzigo mkubwa kuliko mwanzo. Likivutwa kwa urefu peke yake lingechanika kwa urefu, ndiyo maana huvutwa pande zote mbili. Ganda la soseji ndogo huwa na ukuta wa takribani sehemu 25 za elfu moja ya milimita, na linahimili mashine ya kujazia siku nzima.

Wembamba huo una faida. Moshi hupenya vizuri, na kifungu kimoja cha ganda lililokunjwa hubeba mita nyingi zaidi, kwa hiyo husimamishi mashine kila mara. Mwaka 1943, mjini Kampen, Uholanzi, Dkt. Willem Kolff alizungusha takribani mita 20 za ganda la soseji la selofani, yaani selulosi hiihii, kwenye pipa, akapitisha damu ya mgonjwa ndani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa figo bandia yake, na uchafu wa damu ulipenya ukuta uleule mnaoulalamikia.

Sasa mbona linapasuka? Nilikwenda kwa mteja mmoja nikaona boksi liko wazi, juu ya rafu, jirani na jiko la moshi. Nilipoliminya ganda lilitoa mlio wa jani kavu. Ganda huuzwa likiwa na gliserini na unyevu wake. Ukiuacha unyevu utoke, linakatika. Kisha nikachukua kipande cha pamba, nikakizungusha kwenye ncha ya bomba la kujazia. Nyuzi zikanasa upande mmoja. Palikuwa na ukwaruzo mdogo usioonekana kwa macho, na kila ganda lililopita hapo lilichanwa kabla nyama haijaingia. Tukapiga msasa laini, tukafungua boksi jipya, tukapunguza kidogo ujazo maana alikuwa anashindilia kupita kipimo cha ganda. Kifungu kizima kikaisha bila kupasuka hata mara moja. Nawaomba sana: ncha ya bomba ijaribiwe kwa pamba kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, na boksi lifungwe kwenye mfuko wake. Ganda nene lingechanwa vilevile na ukwaruzo ule.

Wateja huniambia na mengine. "Niliroweka kwanza lilainike." Usifanye hivyo! Utumbo uliohifadhiwa kwa chumvi ndio unaorowekwa, na yale maganda mapana ya salami yenye nyuzi za karatasi, kwa maji ya vuguvugu. Ganda dogo la selulosi hutumika kama lilivyotoka boksini. Selulosi ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa hiyo umelidhoofisha mwenyewe.

"Ni plastiki hii." Choma kipande. Selulosi huungua kama karatasi na kunuka karatasi. Nailoni huyeyuka na kudondoka.

"Lina nguruwe?" Selulosi ni mmea mtupu. Swali hilo liulizwe kwa ganda la kolajeni, linalotoka kwenye ngozi ya ng'ombe au ya nguruwe. Hapo dai cheti, ni haki yako.

"Mteja wangu amelila akalalamika ni gumu." Ganda la selulosi humenywa. Soseji ikitoka kwenye moto, imwagie maji baridi papo hapo mpaka ipoe hadi ndani, kisha lichane ganda kwa urefu. Ukiacha ipoe yenyewe mezani, ganda hukaukia kwenye nyama na litatoka na ngozi ya soseji.