Kutu haileti pepopunda: dhana potofu zinazozunguka bustani za nyumbani

"Msumari hauna kutu, usiwe na wasiwasi."

Ushauri huu ni wa hatari, kwa sababu unamfanya mtu akague msumari badala ya kukagua jeraha. Pepopunda huletwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani. Mbegu zake sugu huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, yaani palepale mikono ya mtunza bustani inaposhinda. Kutu yenyewe haina ugonjwa. Msumari wa zamani unatisha kwa kuwa umelala udongoni na unachoma kwa kina. Bakteria huyu hustawi pasipo oksijeni, hivyo tundu jembamba lililojifunga juu linamfaa kuliko mkato mpana. Mwiba wa waridi au jino la reki mpya kabisa vinaweza kumwingiza mwilini vilevile.

Ukichomwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa, toa uchafu unaoonekana, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Usipake majivu, udongo wala samadi. Hapo unajiongezea mbegu zilezile unazozikimbia. Halafu jiulize ulichanjwa lini. Aliyekamilisha dozi za msingi kwa kawaida hupata nyongeza kila baada ya miaka 10, lakini jeraha likiwa la kina au limeingia udongo, na miaka 5 imeshapita tangu dozi ya mwisho, nyongeza inahitajika mapema. Asiyekumbuka kama alichanjwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingojee dalili. Kukaza kwa taya na shida ya kumeza huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21, wakati huo kidonda huenda kimeshafunga na kusahauliwa. Hata aliyewahi kuugua pepopunda na kupona anapaswa kuchanjwa, maana ugonjwa huu hauachi kinga.

"Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu, na ni ya asili, haina shida."

Nguvu inayosifiwa hapa ni amonia, nayo huunguza mizizi michanga. Shida kubwa zaidi iko kwa mlaji: samadi mbichi inaweza kubeba E. coli na Salmonella, bakteria wa kuharisha, na matone ya mvua huwarusha hadi kwenye majani ya mchicha au saladi. Kuosha mboga hupunguza vimelea, hakuvimalizi.

Iozeshe kwanza. Rundika samadi pamoja na majani makavu hadi lundo lifike walau mita 1 kwa upana, urefu na kimo. Lundo dogo halishiki joto. Katikati joto lifike nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi na likae hapo siku 15, huku ukiligeuza walau mara 5 ili sehemu za pembeni nazo ziingie katikati. Watu wengi huruka hatua hii ya kugeuza, na ndiyo inayoharibu kazi yote, kwa kuwa pembeni vimelea hubaki hai. Kisha liache lipoe hadi linuke kama udongo. Ikiwa umelazimika kutumia samadi mbichi, ichanganye na udongo siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa ardhi, au siku 90 kwa yasiyogusa.

Kinyesi cha paka kisiingie kabisa kwenye lundo la mbolea ya mboga. Kinaweza kuwa na kimelea cha toksoplasma, ambacho hudumu udongoni kwa miezi mingi na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito anaweza kuendelea na bustani yake, ila avae glavu na anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

"Dawa ya wadudu ya kutengeneza nyumbani haina sumu."

Maji ya tumbaku yana nikotini, nayo hupenya kwenye ngozi na kuleta kizunguzungu na kutapika. Pia tumbaku inaweza kuwa na virusi vya batobato, na ukiinyunyizia kwenye nyanya unaweza kuwa unaziambukiza ugonjwa. Iache. Kwa vidukari, mililita 10 za sabuni laini ya maji kwenye lita 1 ya maji zinatosha. Jaribu majani machache, ngoja siku moja, halafu nyunyizia chini ya majani jioni. Sabuni huua mdudu iliyemlowesha tu, kwa hiyo rudia baada ya siku 5 hivi. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani.

"Nyanya zikioza kitako, weka maganda ya mayai."

Ni kweli kwamba tunda limekosa kalsiamu, lakini mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Kalsiamu husafiri na maji. Udongo ukikauka kisha ukafurikwa, haifiki kwenye tunda. Maganda nayo huoza polepole mno kuokoa msimu huu. Mwagilia kwa kiasi kilekile kila mara, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, punguza mbolea ya naitrojeni, na usilime karibu na shina ukakata mizizi. Dawa ya ukungu haisaidii, kwani huu si ukungu. Kama tunda halijaota ukungu wala kuanza kulainika, kata sehemu nyeusi, iliyobaki inalika.

"Ukimwagilia mchana, majani yataungua."

Matone ya maji safi hayaunguzi majani yasiyo na vinyweleo. Unachopoteza ni maji yanayofyonzwa na jua. Mche ukinyauka saa saba mchana, chomeka kidole udongoni sentimita 5. Pakiwa na unyevu, usiongeze maji, maana huenda ni joto tu na mche utainuka jioni. Usipoinuka, chunguza kama mizizi imeanza kuoza. Pakiwa pakavu, mwagilia saa hiyohiyo.