Kiuno cha sista na kitanda cha chini

Wauguzi wanaokuja kwenye chumba changu cha fiziotherapia (tiba ya misuli na viungo) hapa Kampala karibu wote huanza vivyo hivyo: "Nilimwinua mgonjwa, kiuno kikashika." Nikiwauliza walikuwa wakifanya nini tangu asubuhi, ndipo habari yenyewe inapotoka. Walikuwa wameinama. Walitafuta mshipa wa mtoto, wakasafisha kidonda, wakatandika, wakafunga dripu, na vitanda vyenyewe ni vya magotini, mpini wa kuvipandisha ulishapotea au umeshika kutu.

Hawako peke yao. Utafiti uliofanywa katika hospitali 5 za Uganda na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta wauguzi 8 kati ya 10 walipata maumivu ya misuli au viungo ndani ya miezi 12, na kiuno kiliongoza: takriban 6 kati ya 10. Mimi niliangalia zaidi yale yaliyoambatana na maumivu hayo. Kufanya kazi umeinama kidogo kulikuwamo, kujipinda kidogo kwa muda mrefu kulikuwamo, na uchovu wa akili pia.

Kwa nini kuinama kidogo tu kuumize? Chukua muuguzi wa kilo 65. Kuanzia kiunoni kwenda juu anabeba kama kilo 35 za mwili wake mwenyewe. Akiinama, uzito huo unakwenda mbele ya uti wa mgongo, tuseme sentimita 20. Misuli inayomzuia asianguke iko nyuma ya pingili (mifupa ya uti huo), sentimita 5 hivi tu. Kwa hiyo inabidi ivute mara 4 ya uzito ule, yaani kama kilo 140, na bado hajashika kitu mkononi. Akikaa hivyo dakika 20, kano za mgongo hulegea, na hazirudi hali yake mara tu anaposimama wima. Ndiyo maana kiuno hukamata wakati anaokota beseni tupu.

Wagonjwa wazito nao wana sehemu yao, sibishi. Mtafiti wa Marekani, Thomas Waters, alikadiria mwaka 2007 kwamba hata mazingira yakiwa mazuri, muuguzi asiinue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za mgonjwa. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 80 una kama kilo 13. Inua yote miwili umwekee mto, umeshapita kiwango.

Hapa semina zetu hunichosha. Sista anafundishwa "kunja magoti, nyoosha mgongo", anapewa chai, anarudishwa wodini ambako nafasi kati ya vitanda haimtoshi hata kugeuka. Akunje magoti aende wapi? Yakigonga chuma cha kitanda atainama tu. Mafunzo peke yake, bila kubadilisha vifaa na mpangilio wa kazi, hayajaonekana kupunguza maumivu haya.

Ningeanza na kigoda. Kazi ya kanula (mrija mdogo wa mshipani) au ya kidonda ni ya kukaa: kigoda cha plastiki, kiwiko juu ya godoro. Najua kuna in-chaji, wakuu wa wodi, wanaodhani sista aliyekaa ni mvivu. Waonyesheni hesabu ile ya kilo 140. Mgonjwa asiyeweza kabisa kushuka mwenyewe, kitanda chake kinaweza kupandishwa kwa magogo yaliyochongwa shimo la kushika miguu yake. Anayeshuka mwenyewe msimpandishie, ataanguka. Na mkiuomba uongozi utengeneze mipini, andikeni barua mtaje Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Inamwajibisha mwajiri.

Kumsogeza mgonjwa juu kitandani ni kazi ya watu wawili na shuka iliyokunjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani. Laza kwanza kichwa cha kitanda. Toa makintoshi, ile shuka ya mpira, maana mpira unang'ang'ania godoro na ngozi. Viringisha ukingo wa shuka hadi ugusane na ubavu wake, mguu wako mmoja uelekee unakompeleka, kisha uhamishe uzito wako kutoka mguu huu kwenda ule. Akiweza kukunja magoti asukume naye.

Mtu wa pili mara nyingi ni jamaa wa mgonjwa, na katika wodi zetu wao ndio wanaogeuza, wanaoogesha, wanaobeba hadi chooni. Hakuna anayewaelekeza. Inatosha kusema: "Mama, shika shuka hapa karibu na bega lake. Nikifika tatu tunavuta, hatunyanyui." Unaokoa viuno viwili.

Kama tayari kinauma, usijifungie kitandani wiki nzima, na usitegemee mkanda wa kiuno. Endelea kutembea, punguza kwa muda yale ya kuinama. Picha ya mgongo nayo isikutishe: hata vijana wasioumwa chochote hukutwa na diski (vibamba laini kati ya pingili) zilizochakaa. Lakini ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unakataa au unatoka wenyewe, mguu unalegea, au maumivu ya usiku yanayoandamana na homa na kukonda (kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, na sisi tunakaa na wagonjwa wake), usije kwangu kukandwa. Muone daktari siku hiyo hiyo.