Je, wajua kwa nini turbo mpya hufa mara tu baada ya injini kufanyiwa ovahoo?

Injini kuukuu imefumuliwa, pistoni na ringi mpya zimeingia, na turbo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, nayo ni mpya. Gari linawaka vizuri, lakini wiki haijaisha moshi wa bluu unatoka na turbo inalia kama king'ora. Lawama zote huiangukia turbo, ilhali mara nyingi imeuawa na oili: iliyochelewa kufika, iliyofika na uchafu, au iliyokosa njia ya kutokea.

Katika injini nyingi za zamani, shafti ya turbo haikai kwenye gololi. Huelea ndani ya bushi, juu ya utando mwembamba wa oili. Gari likivuta kwa nguvu, shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, yaani zaidi ya 1,600 kwa sekunde moja. Utando ukikatika kwa sekunde chache tu, bushi zinakwaruzwa, shafti inaanza kuyumba na mapanga ya turbo yanagusa nyumba yake.

Uchafu huanzia kwenye bloku. Silinda zikishasuguliwa kwa jiwe, unga wa jiwe hilo hunasa kwenye mikwaruzo midogo ya ukuta. Anayeanza huosha kwa petroli, akaona panang'aa, akaridhika. Petroli huondoa grisi na kuuacha unga palepale. Osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa brashi, kausha haraka, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Fungua pia vizibo vya njia za oili ndani ya bloku na upitishe brashi ndefu, kwa sababu unga ukibaki humo, pampu itausukuma hadi kwenye beringi za krenki na kwenye turbo.

Paipu ya kupeleka oili kwenye turbo usiioshe, nunua mpya. Ukiikata ya zamani utaona tabaka jeusi, gumu kama sukari iliyoungua. Ni oili iliyopikwa kila mara injini ilipozimwa turbo ikiwa bado ya moto sana. Ukiikwangua, vipande vinavyobaki huja kubanduka baadaye na kuziba tundu dogo la kuingilia. Kwenye maungio ya paipu hiyo usipake silikoni hata kidogo: inayobanwa ndani hukatika na kusafiri na oili. Gasketi safi inatosha.

Paipu ya kurudisha oili ndiyo inayodharauliwa zaidi. Oili huingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu, tena ikiwa na povu. Ndiyo maana paipu ya kutokea ni pana. Lazima ishuke moja kwa moja kadiri inavyowezekana, isikunjike, na imwage juu ya usawa wa oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ikibanwa, oili hujaa ndani ya turbo na kuvuja pande zote mbili, maana sili zake ni ringi nyembamba za chuma, si mpira wa kuzuia oili iliyofurika.

Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, nayo isafishwe kabla ya kurudishwa. Kama turbo ya kwanza ilivunjika, humo mna vipande vya chuma na oili. Kwa dizeli hatari ni kubwa zaidi: injini inaweza kuivuta oili hiyo, ikaifanya mafuta yake na kupanda kasi hata ukizima swichi.

Siku ya kuwasha, mimina oili safi kwenye tundu la turbo na uzungushe panga kwa kidole kabla ya kufunga paipu. Kata mafuta, kwa petroli ng'oa plagi pia na uzime umeme wa koili. Piga stata sekunde 10, ipumzishe dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izime. Ukilegeza paipu ya kurudisha, hakikisha umeiona oili ikitiririka. Baada ya hapo washa, na uache injini ikae sailensi, yaani izunguke polepole, dakika chache bila kukanyaga mafuta.

Moshi wa bluu ukitokea hata baada ya hayo yote, kagua ringi za pistoni kabla ya kuilaumu turbo. Injini ya turbo huhitaji uwazi mkubwa kidogo kwenye ncha za ringi, kwa kuwa joto lake huzirefusha. Ncha zikikutana, pistoni huvunjika. Lakini uwazi ukizidi kipimo cha kitabu cha injini, gesi hupenya hadi kwenye sampu, na presha yake huizuia oili ya turbo isishuke. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensi. Gesi ikitoka kwa nguvu, angalia kwanza hosi ya kupumulia kama imeziba, kisha pima mgandamizo wa kila silinda.