Sweta la maua halidariziwi, linafumwa

Juma lililopita nimeulizwa tena: "Dada, hilo sweta umelidarizi mwenyewe?" Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila anayeuliza ananyoosha kidole kwenye maua yanayozunguka mabega. Nikimjibu kwamba nimelifuma, anasema, "Sawa, sweta umefuma. Na hayo maua?"

Sweta la namna hii mimi hulifuma kwa sindano ya mduara, yaani vijiti viwili vilivyoungwa kwa kamba laini, kuanzia shingoni kushuka chini. Unaanza na vitanzi vya shingo, unaviongeza mpaka mabega yaenee, vya mikono unaviweka kando kwenye kipande cha uzi, unamaliza kiwiliwili, kisha unairudia mikono. Maua hutokea mabegani kwa kufuma nyuzi za rangi mbili katika mzunguko mmoja: rangi moja inafanya kitanzi, nyingine inapita nyuma ikingoja zamu yake. Sweta la shule lenye mistari kwenye pindo halimo humu, maana pale kila mzunguko una rangi moja tu.

Sasa hilo neno kudarizi. Wengine husema kutarizi, na ni neno lenye heshima yake. Tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi. Huko *tiraz* lilikuwa jina la utepe wa maandishi kwenye mavazi ya makhalifa na ya watu waliotunukiwa nao, na mara nyingi utepe huo ulitaja jina la khalifa mwenyewe. Kwetu, ukitaka kuona kazi ya kutarizi iliyokomaa, chukua kofia ya viua ya Zanzibar, au kumma ya Oman ambayo ni ndugu yake. Kitambaa cheupe kipo kwanza. Kimekatwa, kimechorwa, ndipo sindano inapoingia, inatoboa tundu na kulizungushia uzi, tundu baada ya tundu, kwa majuma mengi. Ni kazi ya subira kubwa na siidharau hata kidogo. Lakini mdarizi anakikuta kitambaa. Mfumaji hana kitambaa cha kukikuta, anakizaa yeye.

Kufuma ni neno letu la Kibantu, na limebeba mengi. Kitambaa cha mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na zile zinazozikata kwa upana, kinafumwa. Sweta la sindano mbili linafumwa. Vile vitambaa vya makochi vinavyotengenezwa kwa sindano moja yenye kulabu navyo vinafumwa. Kamusi itakupa pia kufuma kwa maana ya kuchoma kwa mshale au mkuki. Mimi navutiwa zaidi na kinyume chake, kufumua. Tunafumua nywele zilizosukwa, tunafumua mshono wa gauni, tunafumua sweta. Kusuka, kushona na kufuma ni kazi tatu mbalimbali, lakini kuzitengua zote tunakuita kwa kitenzi kimoja, na hapo nadhani ndipo watu wanapoanza kuzichanganya.

Kufumua huko huko ndiko kunakoonesha tofauti. Kata nyuzi za ua kwenye kofia ya viua, uzivute zote zitoke: utabaki na kofia yenye matundu, lakini kofia ipo. Vuta uzi wa ua kwenye sweta langu, na bega linaondoka nalo. Uzi uliofanya ua ndio uliofanya nguo.

Sweta wanalolitazama nililianza kwa vitanzi 88, yaani maua 11, kila ua na vitanzi vyake 8. Katika mizunguko ya rangi moja iliyo kati ya pambo na pambo niliongeza vitanzi 44 kwa mkupuo, vinne kwa kila ua, na nilifanya hivyo mara nne. Ua likatoka 8 likawa 12, 16, 20, na mwisho 24, na sweta likafika vitanzi 264. Ua lilipanuka kwa sababu bega lilipanuka. Hapo nikagawa: 52 kwa kila mkono, 80 kwa kifua, 80 kwa mgongo. Mdarizi akiona ua limekaa vibaya anaweza kulisogeza. Mimi nilikosea kitanzi kimoja kwenye mzunguko wa tisa, nikakigundua kwenye wa kumi na sita, nikafumua mizunguko saba na kurudi.

Tena, kwa kuwa nimefuma kutoka juu, ilibidi niusome mchoro wa ua kuanzia ncha ya petali, shina likaja mwisho. Tazama vitanzi kwa karibu utaona alama hiyo: kwenye sweta lililoanzia pindoni, kila kitanzi kina umbo la V. Kwenye hili langu V zote zimepinduka, ncha inatazama juu.

Na sisi wafumaji tuna letu la kujirekebisha. Kila sweta la rangi mbili tunaliita Fair Isle. Fair Isle ni kisiwa kidogo cha Uskoti, kati ya Orkney na Shetland, na ufumaji wake ulivuma dunia nzima miaka ya 1920 baada ya mwana wa mfalme wa Uingereza kuvaa sweta lake. Lile lenye duara la mapambo mabegani kwa kawaida ni la Iceland, *lopapeysa*: *lopi* ni sufu isiyosokotwa, *peysa* ni sweta. Lilienea katikati ya karne ya 20, na kwa desturi ya kule huanziwa pindoni, si shingoni. Hata jezi, ambayo siku hizi tunaijua kwa mpira, imetokana na Jersey, kisiwa kilichosifika kwa nguo za sufu za kufumwa karne nyingi kabla ya ligi yoyote.

Kwa hiyo dada yangu uliyeniuliza bei ya "kudarizi sweta", bei niliyokutajia ni ya kufuma sweta zima pamoja na maua yake, na ndiyo maana ilikushtua. Kama ulichotaka ni jina la mtoto kwenye kifua cha sweta lake la shule, huko ndiko kudarizi. Lete sweta, nitakupeleka kwa fundi mwenye cherehani ya kazi hiyo, na utalichukua jioni ile ile.