Nafasi ya hifadhi kwenye konsoli mpya za gemu: ni nini, na kwa nini inaisha haraka

Nafasi ya hifadhi ni pale konsoli inapoweka vitu visivyopotea hata umeme ukikatika: gemu zenyewe, masasisho yake, kumbukumbu ya mahali ulipofikia, picha na video ulizorekodi. Isichanganywe na RAM, ambayo hufanya kazi mashine ikiwa imewashwa na kusafika inapozimwa. Kwenye PS5 na Xbox za kizazi hiki hifadhi hiyo ni SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, nayo inajaa mapema kuliko wanunuzi wengi wanavyotarajia. Wengi hununua mashine wakiamini gharama zimeishia dukani, halafu baada ya miezi michache wanakutana na ujumbe kwamba hakuna nafasi.

Tuanze na namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu hiyo siyo utakayoitumia. PS5 ya kwanza, iliyotoka Novemba 2020, ina SSD ya GB 825, lakini kinachobaki kwa mwenye mashine ni takribani GB 667. Xbox Series X ya mwezi huohuo ina TB 1 (sawa na GB 1,000), na mtumiaji anabakiwa na kama GB 802. Series S, ile ndogo na ya bei nafuu, iliingia sokoni na GB 512, ukiiwasha unakuta GB 364 hivi. Tofauti hiyo imechukuliwa na mfumo endeshi pamoja na akiba ambayo mashine hujitengea kwa shughuli zake, na hairudi hata ukifuta kila kitu. Ukiwa na gemu za GB 100 kila moja, Series S inabeba tatu, ya nne haiingii.

Kwa nini watengenezaji waliweka nafasi ndogo hivyo? Kwa sababu walichagua kasi. PS4 ilitumia diski ngumu ya kuzunguka, ya aina ileile iliyokuwa kwenye kompyuta za mpakato (laptop), inayosoma takribani MB 50 hadi 100 kwa sekunde. SSD ya PS5 inasoma GB 5.5 kwa sekunde kabla hata ya kuhesabu faida ya data iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa ukubwa kwa ajili ya kutunzwa. Ya Xbox Series X inasoma GB 2.4. Hifadhi ya kasi hiyo ilikuwa ghali sana mwaka 2020, na kuweka TB 2 kungepandisha bei ya mashine nzima. Baadaye gharama ziliposhuka, PS5 nyembamba ya mwishoni mwa 2023 ikaja na TB 1, na PS5 Pro ya Novemba 2024 ikaja na TB 2.

Kasi hiyo ina faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo inagusa moja kwa moja ukubwa wa gemu. Machi 2020 Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS5, alieleza hadharani tatizo walilokuwa nalo watengenezaji wa gemu kwenye diski ya kuzunguka. Diski ile ina kichwa cha kusomea kinachosogea huku na huku kutafuta data. Kila kinaposogea, muda unapotea. Ili kisihangaike, watengenezaji walikuwa wanarudia kitu kilekile mara nyingi kwenye diski, kila nakala ikikaa karibu na vitu vinavyohitajika pamoja nayo. Mfano wake ulikuwa gemu ya Spider-Man ya PS4: mji umegawanywa vipande vipande, na kitu kinachoonekana kila mtaa, kama sanduku la barua, kinajirudia ndani ya kila kipande. Baadhi ya data ilijirudia mara 400. SSD haina kichwa cha kusogea, kwa hiyo nakala moja inatosha. Ndiyo maana gemu kadhaa zilizotoka PS4 kwenda PS5 zilipungua badala ya kuongezeka. Control, kwa mfano, ilitoka zaidi ya GB 40 ikashuka hadi karibu GB 26, ikisaidiwa pia na njia bora ya kubana data iitwayo Kraken, ambayo PS5 ina kifaa maalumu cha kuifungua.

Ushahidi mzuri zaidi umetoka upande wa kompyuta. Gemu ya Helldivers 2 kwenye PC ilikuwa imefikia kama GB 150, wakati toleo lake la konsoli ni dogo mara kadhaa. Sababu ilikuwa ileile: watengenezaji walibakiza nakala zilizojirudia kwa ajili ya wachezaji wachache wenye diski za kuzunguka. Mwishoni mwa 2025 waliziondoa, na gemu ikabaki na GB 23 hivi. Gemu ni ileile, picha ni zilezile. Nautaja mfano huu kwa makusudi, maana mchezaji huambiwa kila siku kwamba ukubwa wa gemu ni bei ya lazima ya picha nzuri, na mara nyingine si kweli. Mara nyingine ni kazi ya kupunguza ukubwa ambayo haijafanyika.

Hata hivyo picha zinakula kweli. Fikiria ngozi ya ukuta mmoja ndani ya gemu, yaani picha inayobandikwa juu ya umbo ili lionekane kama tofali au mbao. Ikiwa na upana wa nukta 2048 na kimo hichohicho, kabla ya kubanwa inachukua karibu MB 17. Ongeza upana na kimo mara mbili ili ipendeze kwenye televisheni ya 4K, inakuwa MB 67. Ukubwa wa pande umeongezeka mara mbili tu, uzito umeongezeka mara nne, na gemu moja ina maelfu ya picha za namna hiyo. Juu yake weka sauti za wahusika kwa lugha kadhaa, video za hadithi zinazoonyeshwa katikati ya mchezo, na masasisho ya kila msimu. Call of Duty ikiwa na sehemu zake zote imewahi kupita GB 200, ambayo ni karibu theluthi moja ya nafasi ya PS5 ya kwanza.

Kuna dhana moja potofu ambayo inawagharimu watu fedha: kwamba ukinunua CD ya gemu, hifadhi yako haiguswi. Zamani, enzi za PS2, ilikuwa hivyo, mashine ilisoma kutoka kwenye CD moja kwa moja. Kwenye PS5 na Xbox Series X, gemu nzima inanakiliwa kwenye SSD ndipo unaicheza, na CD inabaki kazi ya kuthibitisha kuwa gemu ni yako. Kwa nafasi, CD na gemu ya kupakua ni sawasawa. Faida ya CD iko kwingine, kwenye bando. Data iliyomo ndani yake huilipii intaneti, unapakua masasisho tu, na ukimaliza unaweza kuiuza au kumwazima mwenzako.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha suala zima la hifadhi. Konsoli hizi zina hifadhi za aina mbili: ya kuchezea na ya kutunzia. Ya kuchezea ni SSD ya ndani, pamoja na nyongeza yoyote yenye kasi inayolingana nayo. Ya kutunzia ni diski ya nje ya USB, ile ambayo wengi tunaiita eksteno. Gemu ya PS5 au ya Series X inaweza kukaa kwenye eksteno, lakini haiwezi kuchezwa ikiwa huko. Lazima uirudishe ndani kwanza. Ni kama stoo na jiko: unga unakaa stoo, ugali unapikwa jikoni. Gemu za kizazi kilichopita, za PS4 na Xbox One, zinaruhusiwa kuchezwa kutoka eksteno bila kurudishwa, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya diski za kasi ndogo tangu mwanzo.

Tofauti hii ndogo ndiyo inayoamua utumie fedha zako wapi. Anayeishi mahali penye intaneti ya haraka isiyo na kikomo hufuta gemu na kuipakua tena anapoitaka. Kwetu wengi hesabu ni nyingine. Gemu ya GB 100 kwa intaneti ya Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, na biti nane ndizo baiti moja), ikishuka bila kukatika, inachukua saa 22. Kwa anayenunua bando, ni bando kubwa limekwenda kwa kitu alichokuwa nacho juzi. Gemu hiyohiyo kutoka kwenye eksteno ya kawaida inayosoma MB 100 kwa sekunde inarudi ndani ya mashine kwa dakika 17 hivi. Kwa hiyo kwa mtu wa Mwanza au Kisumu mwenye gemu nane anazozipenda lakini anacheza mbili kwa wakati mmoja, eksteno ya bei ya kawaida ina maana zaidi kuliko SSD ya gharama kubwa. Mwenye banda la gemu yuko kwenye hali tofauti: wateja wanabadilisha gemu siku nzima, hawawezi kusubiri dakika 17, na kwake nyongeza ya hifadhi ya kuchezea inarudisha gharama yake.

Kwenye PS5, ruhusa ya kutunza gemu za PS5 kwenye eksteno ilikuja na sasisho la Aprili 2021. Diski inatakiwa iwe ya angalau GB 250 na isizidi TB 8, na ichomekwe moja kwa moja kwenye mashine, siyo kupitia hab (kigawanyio cha tundu za USB). Kwenye PS5 ya mwanzo tumia tundu za USB za nyuma. Ile ya mbele yenye umbo la kawaida ni ya kasi ndogo, haifai kwa kazi hii. Na kabla hujakubali mashine iandae diski, kumbuka kwamba itafuta kila kilichomo. Picha za harusi na faili za kazi zihamishwe kwanza.

Nyongeza ya kuchezea ni SSD ya M.2, yaani ya umbo la kibao chembamba, inayoingizwa kwenye nafasi yake ndani ya PS5, iliyofunguliwa kwa watumiaji wote Septemba 2021. Hapa ndipo watu wanapouziwa kitu kisichofaa. SSD ya M.2 haitoshi kuwa M.2 tu. Iwe NVMe ya PCIe kizazi cha 4 (majina ya njia ya kasi ambayo SSD huwasiliana nayo na mashine), yenye kasi ya kusoma inayopendekezwa ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, na iwe na kipoza joto. Kipoza joto nacho kisiwe kirefu kupita kiasi: unene wote, SSD pamoja na kipoza joto chake, usizidi milimita 11.25, la sivyo kifuniko hakifungi. SSD za M.2 za aina ya SATA, yaani zinazotumia njia ya zamani ya kasi ndogo, ambazo kwa macho zinafanana nazo sana na ni nafuu, hazifanyi kazi kabisa. Soma maandishi ya lebo mwenyewe kabla ya kulipa.

Xbox imerahisisha kazi na kupandisha bei. Series X na S hutumia kadi ya upanuzi inayochomekwa nyuma bila kufungua kitu. Ya TB 1 kutoka Seagate ilianza kwa dola 220 za Marekani, wakati Series S nzima iliuzwa dola 300. Mwaka 2023 Western Digital nao wakaingia na kadi zao. Eksteno ya USB 3.0 ya kuanzia GB 128 inakubalika kwa kutunzia.

Nintendo Switch 2, iliyotoka 5 Juni 2025, ina GB 256 na inaongezewa kwa kadi ya microSD Express, hadi TB 2. Kadi za microSD za kawaida, hata zile nzuri ulizotumia kwenye Switch ya kwanza, hazipokei gemu humo. Zinasaidia kuhamisha picha na video pekee. Vilevile angalia boksi la gemu kabla ya kununua, kwani baadhi ya kaseti za Switch 2 ni ufunguo tu: hazina gemu ndani, unaipakua yote.

Kabla hujanunua chochote, kuna nafasi ambayo huenda imekaliwa bure. Fungua mipangilio ya hifadhi, panga gemu kwa ukubwa, uanze na iliyo juu. Matoleo ya mwaka jana na juzi ya gemu ya mpira mara nyingi bado yamo, ingawa hakuna anayeyagusa. Call of Duty inakuruhusu kuondoa sehemu, kwa hiyo kama unacheza mtandaoni tu, ile ya hadithi inaweza kutoka. Kwenye PS5 angalia kama gemu moja imeingia mara mbili, toleo la PS4 na la PS5. Zima pia kurekodi video kila unapopata kombe (trofi, tuzo ndani ya gemu), kwa sababu PS5 hufanya hivyo yenyewe mpaka uikataze. Acha nafasi kidogo wazi kwa ajili ya masasisho. Mashine iliyojaa hadi ukingoni itagoma kusasisha gemu, na gemu isiyosasishwa kwa kawaida haiingii mtandaoni.

Wanaoogopa kufuta kwa sababu ya maendeleo yao: kwenye PS5 kufuta gemu hakufuti kumbukumbu ya mahali ulipofikia, hiyo inakaa peke yake na inachukua nafasi ndogo. Lakini kumbukumbu za gemu za PS5 haziwezi kunakiliwa kwenye flashi. Nakala yake inakwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya PlayStation Plus, inayolipiwa, au inahamishwa moja kwa moja kwenda PS5 nyingine. Xbox huziweka mtandaoni bila malipo. Kwa hiyo ukitaka kuuza PS5 yako au kuifuta yote ianze upya, hamisha kumbukumbu hizo kwanza, ndipo ufute.