Ulilipa propela kwa mfuko wako? Iandike vilevile

Mwezi huu nimeambiwa tena: "Papa, ile ya propela nililipa mwenyewe, bima haikutoa hata dola moja. Kwa nini niiandike kwenye fomu ya bima?" Mimi ni dalali wa bima hapa Lubumbashi, na wateja wangu wengi ni wenye ndege ndogo za Luano, uwanja wa ndege wa mji huu, na za viwanja vya mashambani. Nijibu kwa maandishi safari hii: iandike kwa sababu umeulizwa. Soma fomu vizuri. Inataka ajali, matukio na madai, kwa kawaida ya miaka mitano iliyopita. Nani alilipa ni habari nyingine.

Kuna waliosoma zaidi, wananiletea Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga. Ni kweli, kwa maana iliyowekwa mle, uharibifu ulioishia kwenye propela, ncha za mabawa, antena, tairi au breki hauhesabiwi kuwa ajali. Lakini kile kiliandikwa kwa ajili ya wachunguzi, wajue ni lini waanze kazi yao. Anayepanga ada yako ya bima hafungwi nacho hata kidogo.

Halafu hiyo "propela tu" tuitazame. Uwanja wa shamba wakati wa mvua, majani yamerefuka. Unakimbiza ndege, propela inayakata, mizunguko ya injini inashuka ghafla, kisha inarudi. Unashuka, unapapasa ncha zote, hakuna mkwaruzo. Taarifa ya huduma namba 533 ya Lycoming, watengenezaji wa injini, inalihesabu hilo kuwa pigo la propela. Majani marefu yametajwa humo waziwazi, na injini inatakiwa kufunguliwa. Continental, watengenezaji wengine wa injini, nao wanataka injini ifunguliwe baada ya pigo la propela. Mshtuko unapita kwenye krankishafti, mhimili mkuu wa injini, hadi kwenye gia na boliti za ndani, mahali jicho la fundi halifiki bila kufungua. Aliyenunua propela mpya akaiacha injini imefungwa ili ada isipande, anabeba abiria juu ya swali ambalo hakulijibu. Hilo linaniudhi kuliko fomu.

Ukidai, bima ya mwili wa ndege hulipa kazi ya kufungua na vilivyoharibiwa na pigo, ukitoa franshizi yako, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Vilivyochakaa kwa saa za kuruka utalipa wewe. Injini inayokaribia saa 2,000, umri wa matengenezo makubwa, itakuletea fakitire ndefu hata kama bima imetoa kila kitu inachodaiwa.

Sasa ile nyingine: "Ajali moja, ada inapanda mara mbili." Hakuna jedwali la namna hiyo. Wenye ndege binafsi ni wachache, kwa hiyo faili inasomwa na mtu, naye anaamua. Sheria ya 17 Machi 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kwa hiyo unaweza kuchagua, lakini hatari iliyoko Kongo lazima ikatiwe bima kwa kampuni yenye kibali cha Kongo. Kampuni hiyo nayo hupeleka sehemu kubwa ya hatari ya ndege kwa kampuni za nje zinazoikinga. Mwenye kauli juu ya bei yako anaweza kuwa London au Paris. Hajafika Luano, hakujui, ana karatasi tu.

Karatasi ikisema "ilitua bila magurudumu" ikaishia hapo, pengo atalijaza kwa hofu yake. Ikisema kwamba ilikuwa Cessna 210, ndege ya magurudumu ya kukunjwa, rubani bado mgeni kwenye aina hiyo, mnara ulimbadilishia mpango akiwa anakaribia, hakurudia orodha ya ukaguzi, kisha aliruka na mkufunzi, maandishi ya mkufunzi haya hapa, saa zake tangu siku hiyo hizi hapa, basi mazungumzo yanabadilika. Hapo nimeona ada ikipanda kidogo, au franshizi ikiongezwa, au sharti la kuruka na mkufunzi likiwekwa. Na mvua ya mawe iliyokuta ndege imeegeshwa haipimwi kwa mizani hiyo.

Nina shaka na jambo moja katika kazi yetu. Tunapenda mno jumla ya saa za maisha. Rubani wa saa 2,500 asiyegusa usukani tangu Pasaka ananitia wasiwasi kuliko wa saa 300 anayeruka kila wiki, lakini bei mara nyingi humpendelea wa kwanza. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mchana wa Oktoba, hewa ikiwa moto na nyepesi, ndege inakula njia ndefu kabla ya kuinuka, na mkono uliozoea juzi ndio unaojua hivyo.

Ada ikipanda, usiilaumu ajali yako moja kwa moja. Baada ya ajali za Boeing 737 MAX za 2018 na 2019, soko zima la bima ya ndege lilikaza, na hata wenye injini moja ambao hawajawahi kukwaruza bawa walilipa zaidi.

Ukificha kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba. Itagundua siku ya hasara kubwa, mtaalamu wake akifungua kitabu cha matengenezo na kukuta propela mpya, tarehe, na muhuri wa fundi. Siku hiyo utabaki na ndege iliyovunjika na familia za abiria, peke yako.

Mkataba unaoisha Desemba, niletee faili Oktoba: barua yako ya ukurasa mmoja, ripoti ya fundi, picha, maandishi ya mkufunzi, na nakala ya kurasa za mwisho za kitabu chako cha saa. Nitaipeleka kabla hawajauliza.